Nyangores, Ukiutazama Kutoka Sigor

Kenya ina Sigor mbili, na zote ziko kwa Wakalenjin. Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba kwenu ni Sigor, mara nyingi atakuuliza habari za Pokot Magharibi, za mto Wei Wei na mashamba yake ya kunyunyizia maji. Sigor ya makala haya ni ile nyingine, kituo cha biashara katika eneo bunge la Chepalungu, kaunti ya Bomet. Na hapo msikilizaji hukosea mara ya pili, kwa sababu akisikia Bomet anafikiria chai. Chai iko juu, kwa watu wa Silibwet, Kapkoros na Tirgaga. Ukiteremka kuelekea Sigor zulia lile la kijani linachanika, yanaingia mahindi, malisho ya ng'ombe na migunga, na udongo unageuka kuwa ule mweusi wa mfinyanzi ambao wakati wa mvua hung'oa gambuti mguuni na wakati wa jua hupasuka hadi mkono wa mtoto ukaingia.

Kinachounganisha juu na chini ni Nyangores. Mto wenyewe si mkubwa. Kiangazi kikikaza, mtu mzima huuvuka akiruka juu ya mawe. Unaanzia kwenye chemchemi za msitu wa Mau, unapita katikati ya mashamba ya chai, unaporomoka Tenwek, unapenya chini ya daraja la mji wa Bomet, kisha unaingia Chepalungu na kuteremka hadi upande wa Kaboson, ambako unakutana na ndugu yake Amala. Kutoka hapo hakuna tena Nyangores wala Amala. Jina ni Mara, ule ule wa nyumbu na watalii, unaomaliza safari ya kilomita 395 hivi katika Ziwa Victoria karibu na Musoma, Tanzania. Mito mingine inayoingia Mara huko mbugani, kama Talek, hupungua au hukauka mvua zikikatika. Hii miwili ya Bomet ndiyo inayotiririka mwaka mzima. Kwa maneno mengine, kiangazi kikiwa kikali, maji anayokunywa kiboko wa Maasai Mara yamekwisha kupita kwa punda wa Bomet.

Punda ndio walioanza kumfundisha mwandishi wa makala haya jiografia. Alikulia upande wa chini wa bonde, wakati ambapo maji ya bomba yalikuwa ahadi ya kila kampeni. Kazi ya watoto baada ya shule ilikuwa kuwafunga punda mitungi minne minne ya plastiki, miwili kila ubavu, na kuwateremsha mtoni kabla jua halijaelekea kuzama. Mtoto aliyechelewa alikuta maji yamekwisha kuchafuliwa na ng'ombe wa watu wote.

Kogo wake, yaani nyanya yake, hakuwahi kwenda shule, lakini kabla ya kuruhusu mtungi mmoja utumbukizwe alisimama ukingoni na kuutazama mto kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayeingia mlangoni. Maji ya kijivu yaliyokuwa na mapovu membamba yalimaanisha mvua ya jana, tena ya hapa hapa. Maji mekundu kama udongo wa barabara ya Silibwet yalitoka juu, kwenye mashamba mapya. Yakija na majani makavu na vijiti, mvua ilikuwa imepiga msituni. Siku moja anga la Sigor lilikuwa jeupe kabisa, vumbi limetanda, na bado mto ulikuwa umepanda hadi kwenye mizizi ya simotwet, ule mtini mkubwa ambao hakuna aliyethubutu kuukata.

“Kogo, mbona umejaa na hapa hakujanyesha?”

“Kumenyesha Mau. Rudisha punda nyumbani, leo tutakunywa ya jana.”

Hakuongeza neno. Maelezo kamili yalikuja miaka mingi baadaye, na kwa kweli yanavutia. Alasiri, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda miinuko ya Kericho na Bomet na kukutana huko na pepo zinazotoka mashariki. Mawingu hujengeka haraka, na ifikapo saa tisa au saa kumi mvua hushuka kwa kishindo, mara nyingi ikiwa ya mawe. Nyanda za juu za Kericho zinajulikana duniani kwa mvua ya mawe, na mkulima wa chai anaweza kuamka na shamba zuri akalala na vijiti vitupu. Sigor iko chini ya yote hayo na pembeni kidogo, kwa hiyo ngurumo inasikika, umeme unaonekana, na matone hayafiki. Chai inataka mvua inayogawanyika mwaka mzima na udongo mwekundu wa volkeno unaopitisha maji. Chepalungu haina uhakika wa hiyo mvua, na udongo wake mweusi hushika maji juu kama sahani. Mpaka wa chai katika bonde hili haukuchorwa na serikali yoyote.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Katika somo la jiografia wanafunzi wa Kenya walijifunza usafiri katika mto Rhine, Maziwa Makuu ya Marekani na njia ya St Lawrence, na jinsi Waholanzi walivyoinyang'anya bahari ardhi yao. Mwandishi aliyakariri yote, na hata leo anaweza kutaja bandari za Rhine. Nyangores haukuwa kwenye kitabu. Hakuna ubaya kumfahamu Mholanzi, lakini ni jambo la ajabu mtoto kumaliza kidato cha nne akijua milango ya maji ya Rotterdam bila kujua ni kwa nini mto wa nyuma ya nyumba yao unageuka mwekundu kila Aprili.

Alipokuwa mtu mzima ndipo alipofanya alichopaswa kufanya zamani: kuufuata mto kwenda juu, vipande vipande, kwa miguu, kwa bodaboda na kwa matatu.

Pale kwenye daraja la Bomet kuna mbao nyembamba za kupimia kina, zimewekwa alama za mita na sentimita, ambazo wapita njia wengi hawazitazami kabisa. Ni kituo cha kupima mto, na kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi miaka ya 1960. Anayekuja kusoma kipimo huandika tarakimu, anaondoka. Kogo alisoma rangi, serikali inasoma kina, na ukiviweka pamoja ndipo unapata picha. Wataalamu waliochambua kumbukumbu za mto huu wanaonya juu ya kitu ambacho Sigor imekiona kwa macho: misitu ikikatwa juu, mto hupanda kwa kasi mvua inaponyesha na kushuka kwa kasi inapokoma, kwa sababu hakuna sifongo ya kuyashika maji na kuyaachia taratibu.

Mbele kidogo ni Tenwek. Wamisionari walifungua kituo hapo miaka ya 1930, na zahanati yao ikakua hadi kuwa moja ya hospitali kubwa za eneo zima la kusini mwa Bonde la Ufa. Maporomoko ya Nyangores yako karibu nayo, na mwaka 1987 hospitali ilianza kuyatumia kuzalisha umeme wake yenyewe. Simama pale juu ya mwamba na utaona mto ukigawanyika, sehemu moja ikienda kwenye bomba la mtambo na sehemu nyingine ikianguka kama ilivyoanguka siku zote. Mtambo hauyanywi maji. Unayarudisha chini yote. Lakini unayahitaji yawe mengi na ya kuaminika, na kwa hiyo taa za chumba cha upasuaji na mtungi wa punda wa Sigor vimekuwa vikitegemea chemchemi zile zile za Mau.

Juu ya Tenwek chai inatawala, na historia inakuwa nzito. Mwaka 1905 serikali ya kikoloni ilituma kikosi cha kuwaadhibu Wakipsigis, Wakalenjin wa eneo hili, huko Sotik, chini ya Meja Richard Pope-Hennessy, baada ya ugomvi wa mifugo na mateka na Wamaasai. Idadi inayotajwa ya waliouawa ni 1,850, wanaume, wanawake na watoto. Ardhi ya Sotik ikagawiwa walowezi. Katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaanza kupanda chai Kericho kwa kiwango kikubwa, na mwaka 1934 ukoo wa Talai, uliotoa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ukahamishwa kwa sheria maalumu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, nchi ya joto na mbung'o. Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai yake mwenyewe mpaka miaka ya 1950.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Mamlaka ya maendeleo ya chai, KTDA, iliundwa mwaka 1964, na wakulima wadogo wa Bomet wakapata vichaka vyao, vituo vyao vya kuuzia majani na viwanda vyao. Mtu wa Sigor anayewatembelea jamaa huko juu huona mara moja tofauti ambayo chai imeleta. Mkulima wa majani mawili na chipukizi hulipwa kila mwezi, kisha bonasi inakuja na kujenga nyumba ya mawe. Mkulima wa mahindi hungoja msimu. Husuda ndogo kati ya juu na chini ipo, na si siri. Katika arusi utasikia mtu wa chini akitaniwa kwamba amekuja kunusa bonasi.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha Kanda za Chai za Nyayo, mikanda ya chai iliyopandwa pembezoni mwa msitu ili watu wasiingie ndani. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi: chai kama ua. Mwaka 2001 serikali hiyo hiyo ikatangaza kuondoa zaidi ya hekta 61,000 za Mau kutoka kwenye hifadhi ya misitu, sehemu kubwa ikiwa Mau Mashariki na Mau Kusini Magharibi. Ua lilibaki, na nyuma yake shamba likauzwa. Kikosi kazi kilichoundwa mwaka 2008 kilikuta kwamba karibu robo ya msitu wote wa Mau ilikuwa imepotea katika miongo miwili.

Kisha likaja kiangazi cha 2009. Wenyeji wa bonde la Mara bado wanakihesabu kama alama ya umri. Watoto wenye punda walitembea mchana kutwa, mifugo ikafa, na huko Sondu-Miriu, mtambo wa umeme unaotegemea mito mingine ya Mau hiyo hiyo, maji yakapungua taifa zima likiwa linasikia. Ndipo serikali ikawatoa watu msituni. Waliotangulia kutolewa ni wale wasiokuwa na hati. Familia zilikaa kwenye vibanda vya plastiki kando ya barabara, mvua ya mawe ikiwanyeshea, huku waliopewa vipande vikubwa na vyenye karatasi safi wakiendelea kukaa kimya kwao. Mtu wa Sigor alikuwa na kila sababu ya kutaka msitu urudi. Alikuwa pia na binamu katika vile vibanda. Si rahisi kupiga kelele kuhusu maji wakati mtu aliyeyaziba ni mtoto wa shangazi yako, aliyeuza ng'ombe wake wawili ili anunue ekari tano ambazo mkubwa fulani alimwambia ni halali.

Na Sigor yenyewe haina mikono safi. Mikaratusi imepandwa hadi kwenye ukingo wa mto kwa sababu inakua haraka na nguzo zina soko. Mwaka huo huo wa 2009 waziri wa mazingira wa wakati ule, John Michuki, aliagiza ing'olewe kandokando ya mito, agizo lililotekelezwa hapa na pale. Msitu wa Chepalungu, ambao zamani ulikuwa pori la mbung'o lililowatenganisha Wakipsigis na Wamaasai, umebaki vipande. Hakuna mtu wa Silibwet aliyeshuka kuukata. Waliukata watu wa Chepalungu wenyewe, kwa makaa, kwa mashamba, kwa nyumba, na baadhi yao walikuwa ndugu wa mwandishi.

Somo kubwa zaidi la bonde, hata hivyo, halikuja na maji. Mnamo Septemba 2011, katika sehemu za chini za Longisa, ng'ambo tu ya Nyangores, wakulima waliona mahindi yao yakigeuka manjano. Yalianza kwenye kingo za majani, manjano ikaingia kuelekea uti wa kati, na jani la katikati, lile changa kabisa, likafa wakati mmea bado umesimama. Ukimenya gunzi ulikuta punje chache zilizotawanyika kama meno ya mzee. Mwanzoni wengine walidhani ni mbolea feki, wengine jua, wengine wakasema ni mkono wa mtu. Wataalamu walipofika walikuta virusi viwili vikishirikiana: kimoja ambacho hakikuwa kimeripotiwa Kenya kabla ya hapo, na kingine kinachofahamika katika miwa na mahindi. Kila kimoja peke yake hudhoofisha, vikikutana huua. Wadudu wadogo, vithiripi na vidukari, huvibeba kutoka shamba hadi shamba.

Ugonjwa ulivuka hadi Chepalungu na Narok, na baadaye ukaonekana Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia. Hivyo ndivyo bonde hili dogo lilivyoingia katika majarida ya sayansi ya dunia, na halikuomba. Kituo cha kuchunguza mbegu zinazostahimili ugonjwa huo kilifunguliwa Naivasha mwaka 2013. Huku chini, ushauri wa maafisa wa kilimo ulikuwa mfupi: acheni mahindi, pandeni kitu kingine. Kwa mtu ambaye ugali ndio chakula na mengine ni kitoweo, hilo lilikuwa sawa na kuambiwa ahame.

Lakini walijaribu. Viazi vitamu vilirudi, na mtama na wimbi, mazao ambayo Kogo alikuwa akiyapanda pembeni mwa shamba huku wajukuu wakimcheka. Wimbi lilikuwa nafaka kuu ya Wakipsigis kabla mahindi hayajafika, na wazee walijua bado jinsi ya kulipalilia kwa mkono bila kulikanyaga. Wengine waliongeza ng'ombe wa maziwa na nyasi za nepia. Ukweli ni kwamba virusi vile vilinawiri kwa sababu mahindi yalikuwa hayaondoki shambani mwaka mzima, msimu juu ya msimu. Bonde lilikuwa limegeuzwa zao moja kutoka ukingo hadi ukingo: juu chai, chini mahindi. Juu, mvua ya mawe inaweza kumaliza chai. Chini, kidukari kisichozidi kichwa cha pini kiliweza kumaliza mahindi.

Ukifuata Nyangores kwenda chini badala ya juu, Sigor inageuka kuwa “watu wa juu”. Udongo unaotoka Chepalungu unashuka Mara, unapita kwenye vivuko ambako nyumbu huzama kwa wingi, wastani wa elfu sita na zaidi kwa mwaka kulingana na utafiti uliochapishwa mwaka 2017, unaingia Tanzania, unatua kwenye mabwawa ya mafunjo kabla ya Ziwa. Mvuvi wa Musoma akiona maji ya rangi ya kahawia hajui Sigor wala Chepalungu. Anajua tu “Wakenya”. Ndivyo Sigor nayo ilivyozoea kusema “watu wa Mau”, kana kwamba ni mtu mmoja. Tangu 2012 nchi hizi mbili huadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba, kwa zamu, mwaka huu upande huu wa mpaka na mwaka ujao upande ule. Kuna hotuba, fulana na miche. Miche mingine humea.

Kazi ngumu zaidi inafanyika bila fulana, katika vikao vya watumiaji wa maji chini ya mti. Kanuni za mwaka 2007 zilitaka ukanda wa kati ya mita sita na thelathini kila upande wa mto usilimwe. Mwandishi alihudhuria kikao kimoja cha aina hiyo akiwa mgeni tu, akakuta kamba imekwisha kunyoshwa na vigingi vimechongwa. Ugomvi ulizuka juu ya kitu kidogo: kamba ianzie wapi? Kijana mwenye shamba la nyanya alisema ianzie maji yalipo leo. Boiyot mmoja, mzee wa miaka mingi, akasema ianzie maji yalipofika mwaka wa El Niño, 1997, na akaonyesha kwa fimbo mahali ambapo sasa pana choo cha mtu. Mama mmoja akapinga, akasema mwaka ule haukuwa kitu. Marehemu mama mkwe wake alimwonyesha mafuriko ya 1961 yalikofika, nyuma kabisa, karibu na barabara, na kama wanataka kupima mto basi wapime ule. Afisa aliyekuja na kamba alitazama saa yake. Kigingi cha kwanza kilipigwa hatua chache juu ya nyanya za yule kijana, na kabla ya jioni majirani wawili walikuwa wamekisogeza, mmoja kwenda chini, mwingine kwenda juu.